Nambari Isafirishwayo na Jina Libakilo

Mgomo wa madereva uwezao kuyasimamisha mabasi ya mji mzima, ukawaacha watu vituoni tangu alfajiri hata adhuhuri, huingia katika ujumbe wa kompyuta kwa baiti 2 tu: ya kwanza ina thamani ya 48, na ya pili ina thamani ya 4. Jina la mgomo halimo katika baiti hizo, wala la dereva, wala malalamiko yake. Ile 48 ni nambari ya sehemu ya ujumbe, yaani 6, iliyozidishwa kwa 8 ili ipatikane nafasi ndogo ya kutaja aina ya kitu kinachofuata, na aina hiyo hapa ni 0, hesabu ya kawaida. Na ile 4 ndiyo mgomo wenyewe. Anayeupokea ujumbe hujua kwamba 4 ni mgomo kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa analo daftari lile lile alilokuwa nalo mpelekaji, limeandikwa kwamba 3 ni hitilafu ya mitambo, 4 ni mgomo, 5 ni maandamano, 6 ni ajali na 7 ni sikukuu. Akilikosa daftari hilo, mkononi mwake imebaki 4, na 4 peke yake haimwambii mtu habari yoyote.

Mfano huu nimeutoa katika GTFS Realtime, kanuni ya kupashana habari za usafiri wa umma saa ile ile zinapotukia, iliyotangazwa na Google mwaka 2011 ikaanza na miji 6: Boston, Portland, San Diego na San Francisco katika Marekani, Madrid katika Hispania, na Turin katika Italia. Kanuni hiyo haikujitungia njia yake ya kufunga ujumbe, bali ilichukua Protocol Buffers, chombo kilichoanza kutumiwa ndani ya Google mwaka 2001 na kutolewa kwa umma mwaka 2008. Mwenye kukitumia huandika kwanza waraka mfupi wa maandishi ya kawaida, wenye jina liishialo kwa .proto, akaeleza humo kila ujumbe una sehemu gani na kila sehemu ina nambari gani. Na pale ambapo jawabu la sehemu haliwezi kuwa ila moja katika machache yajulikanayo, huandika enamu, yaani orodha ya majina ambayo kila moja limefungiwa nambari yake. Kisha waraka hutiwa katika kompaila iitwayo protoc, na kompaila hutoa msimbo kwa lugha aitakayo mwenye kazi, ikiwa Python, au Java, au C++, au Go, au nyingineyo.

Shida huanza baada ya hapo, kwani aghalabu mwenye kazi hana waraka wa asili. Alichopewa ni msimbo uliokwisha kutoka katika kompaila, na swali lake ni dogo na la haki: orodha hii ina majina gani? Akiufungua msimbo wa Python wa matoleo ya siku hizi, faili iitwayo gtfs_realtime_pb2.py, akitumaini kuyaona majina yamepangwa mstari chini ya mstari, hataona ila mfuatano mrefu wa baiti, uliojaa mikwaju na tarakimu, na majina ya herufi kubwa yakichungulia hapa na pale baina yao. Baiti hizo ni waraka wa asili, umefungwa kwa kanuni ile ile ya Protocol Buffers inayofunga habari za mabasi: maelezo ya enamu ni ujumbe, kila jina lililomo ni ujumbe mdogo wenye sehemu ya jina na sehemu ya nambari, na umbo la jumbe hizo za maelezo limeandikwa katika waraka mwingine uitwao descriptor.proto, ambao nao hufungwa na kusomwa kwa njia hiyo hiyo. Kila nilitafakaripo jambo hili huzidi heshima yangu kwa waliolibuni, maana waliona mapema kwamba chombo cha kupelekea habari za watu hakina budi kuweza kupeleka habari zake chenyewe, na kwamba msimbo usioweza kujieleza ungemlazimu kila mtu kumtegemea aliyeuandika, hali mtu huyo huhama, huzeeka, na hufariki.

Basi njia ya kuijua orodha ni kuuliza. Katika Python, enamu ya sababu za usumbufu hukaa chini ya ujumbe wa tangazo, Alert, kwa jina la Cause. Mtu akiandika Alert.Cause.items() hujibiwa jozi 12 za jina na nambari, kwa taratibu ile ile zilivyoandikwa na mtungaji. Akiandika keys() hupata majina peke yake, na values() humpa nambari peke yake. Akiwa na 4 mkononi akauliza Name(4) huambiwa STRIKE, na akiwa na jina akauliza Value('STRIKE') hurudishiwa 4. Msimbo husoma ghaibu, bila kusita na bila kuongeza wala kupunguza, na sijui katika kazi yote ya utungaji wa programu tendo jingine jepesi hivi lenye manufaa makubwa hivi.

Lugha nyingine zina desturi zake, na msomaji atakayezichanganya atapata taabu. Java hutoa values(), walakini kwa waraka ulioandikwa kwa kanuni za toleo la 3 huongeza mwishoni jina ambalo mtungaji hakuliandika, UNRECOGNIZED, liwe makao ya nambari zisizojulikana. Na mtu akiyapitia majina yote akaomba nambari ya kila moja, programu itaanguka atakapolifikia hilo, maana halina nambari ya kutoa. Atakaye majina ya mtungaji tu na auombe msimbo maelezo yake, yaani getDescriptor() na kisha getValues(), naye hatakutana na mgeni huyo. Go hutoa majedwali 2, moja la kutoka nambari kwenda jina na la pili la kutoka jina kwenda nambari, ila majedwali ya Go hayana ahadi ya taratibu, hata orodha ile ile ikichapwa leo na kesho yaweza kutoka kwa mpango tofauti. C++ ndiyo yenye mtego uliofichika zaidi. Hutoa nambari ya chini kabisa na nambari ya juu kabisa ya enamu, na mtu mwenye haraka huona hayo yatosha, akahesabu kutoka ya chini hata ya juu, akidhani kila nambari iliyo baina yao ina jina. Enamu haikuahidi hivyo. Yaweza kuwa na 1, na 2, na 9, na kitu kisiwepo katikati. Na hata iliyoanza bila pengo hupata pengo siku jina moja linapoondolewa. Ndiyo maana C++ hiyo hiyo ikatoa kitendo cha IsValid, cha kuuliza juu ya kila nambari kama imo au haimo, na asiyekitumia huorodhesha vitu visivyokuwapo.

Pengo hilo lastahili kuangaliwa, kwa sababu ndani yake imo adabu kubwa ya kazi hii. Jina likiondolewa katika enamu, nambari yake haipewi jina jingine. Mtungaji huandika katika waraka kwamba nambari hiyo imewekwa akiba, na kompaila itamkatalia kila atakayejaribu kuitumia tena. Sababu yake ni kwamba jumbe za zamani hazifi pamoja na majina yao. Zimelala katika hazina za kumbukumbu, zimo katika simu za watu wasioziongezea programu zao matoleo mapya, na nambari ile ikija kuitwa kwa jina jipya, ujumbe uliosema neno la kweli mwaka juzi utaanza kusema uongo leo bila ya mtu kuugusa. Kwa hiyo nambari hutolewa mara moja, na aliyeitoa ameweka ahadi kwa wapokeaji asiowajua wala hatawajua.

Wako wanaoinakili orodha kwa mkono. Wameuliza msimbo siku moja, wakapata majina, wakayaandika katika programu yao wenyewe kama ukurasa wa kudumu, na tangu siku hiyo husoma nakala yao badala ya msimbo. Naliona jambo hilo kuwa ni taksiri, na nalisema kwa uzito, kwa kuwa madhara yake hayaonekani siku yanapotendeka. Nakala ni sahihi asubuhi ilipoandikwa. Msimbo ukija kutolewa upya katika kompaila ukiwa na jina la ziada, nakala haijui, na programu huendelea kutenda kazi kwa utulivu, ikiwa na orodha pungufu na bila dalili yoyote ya kosa. Kumwuliza mwenye dhamana kila mara hakugharimu kitu. Kumkumbuka alivyosema zamani ndiko kunakogharimu.

Na tuisome sasa orodha yenyewe, kwa kuwa kuipata si mwisho wa kuielewa. Sababu 12 za GTFS Realtime ni hizi: 1 sababu haijulikani, 2 sababu nyingine, 3 hitilafu ya mitambo, 4 mgomo, 5 maandamano, 6 ajali, 7 sikukuu, 8 hali ya hewa, 9 matengenezo, 10 ujenzi, 11 shughuli za polisi, 12 dharura ya matibabu. Mtu asiyeujua mji wowote wa Ulaya wala wa Marekani angeweza kwa orodha hii kukisia nini huwazuia wenyeji wake wasifike kazini. Humo mna serikali na raia wake, mna mbingu na ardhi, mna mwili wa binadamu unaoanguka ghafula ndani ya behewa. Lakini majina ni mafupi kuliko mambo. Katika waraka wa asili, pembeni mwa baadhi ya majina, mtungaji aliandika maelezo ya binadamu kwa binadamu: kwamba mgomo ni pale wafanyakazi wa usafiri wenyewe walipoacha kazi, na maandamano ni pale watu walipoziba njia. Kwa kanuni hiyo, makuli wa bandari wakigoma wakaandamana hata barabara zikafungika, tangazo la basi lililochelewa litabeba 5, halitabeba 4, ijapokuwa kila mtu mjini asema kuna mgomo. Na maelezo hayo ya pembeni ndiyo yasiyoingia katika majibu ya msimbo. Katika zile baiti ambazo msimbo hujielezea kwazo, kompaila hutia jina na nambari, na huyaacha nje maneno aliyoyaandika mtungaji kwa ajili ya kufahamika. Msimbo ukiulizwa hutaja STRIKE, na haujui mpaka wa neno hilo ni upi. Ndiyo sababu nasema kwamba anayetaka kuandika nambari, mbali na anayetaka kuisoma tu, hana udhuru wa kutoutafuta waraka.

Orodha nyingine, ya ujazo wa gari, yanivuta kwa namna yake. Yaanza na 0, gari tupu, 1, viti vingi vipo, 2, viti vichache, 3, nafasi ya kusimama tu, 4, nafasi ya kusimama kwa kubanana, 5, limejaa, 6, halipokei abiria. Mtu aliyepata kusimama mguu mmoja katika gari la jioni atajua kwamba aliyeweka tofauti baina ya 3 na 4, na tena baina ya 4 na 5, alikuwa amepanda gari kabla ya kuandika, wala hakuridhika kusema pana nafasi au hapana. Baadaye zikaongezwa nyingine nyuma yake, ya kusema kuwa habari haipo, na ya kusema kuwa behewa hili haliruhusiwi kuingiwa. Hazikuingizwa katikati, penye mahali pao kwa maana. Zilikwenda mwisho, kwa kuwa nambari za mbele zilikwisha kutolewa. Hivyo orodha ya enamu husomeka kwa pande 2: majina yake hueleza mambo, na mfuatano wa nambari zake hueleza ni jambo gani liliwaziwa kwanza na ni lipi lilikumbukwa baadaye.

Lililokumbukwa baadaye laweza kuwa haki ya mtu. Katika enamu ya athari, iitwayo Effect, mna huduma kusimama, huduma kupungua, kuchelewa sana, kupita njia nyingine, kituo kuhamishwa, na mengineyo, hata 9. Kisha, muda mrefu baada ya kanuni kutangazwa, yaliongezwa 10, hapana athari, na 11, tatizo la ufikiaji, yaani njia ya kuingilia au kutokea haiwezi kupitwa na mtu asiyeweza kupanda ngazi. Fikiri juu ya kituo cha treni kilicho chini ya ardhi, lifti yake imeharibika. Treni zaja na kuondoka kwa saa zake. Kwa abiria apandaye ngazi hapana lililoharibika, na kwa abiria aliye katika kiti cha magurudumu safari yote imevunjika. Kabla ya 11 kuwapo, mwandishi wa tangazo hakuwa na nambari ya kulisema jambo hilo waziwazi. Huduma haikusimama wala haikupungua. Angelitia katika athari nyingine, na kompyuta zote zilizopokea zisingeweza kumpangia mtu huyo njia ya kituo kingine, kwa maana hazikuambiwa lililotokea ni nini.

Sasa 11 ipo, na hapo ndipo linapokuja jambo la programu iliyotoka katika kompaila kabla ya nambari hiyo. Ujumbe waja na baiti 2: 56, yaani sehemu ya 7, na 11. Waraka wa GTFS Realtime umeandikwa kwa kanuni za toleo la 2 la Protocol Buffers, ambazo kwazo enamu imefungwa. Na msimbo wa Python, wa Java na wa C++ huishika sheria hiyo hivi: nambari isiyokuwamo katika orodha haikatazwi, wala haipokewi mahali pake. Hutiwa kando pamoja na sehemu zisizojulikana, na sehemu ya athari ikiulizwa hujibu kana kwamba haikuandikwa, kwa thamani iliyowekwa tangu awali, nayo ni athari haijulikani. Mpelekaji alijua, na alisema. Mpokeaji naye ajibu kuwa hajui, ilhali jawabu limo ndani ya ujumbe ule ule aliokwisha kuupokea. Hapana aliyevunja kanuni katika mapokezi hayo, na mtu wa kiti cha magurudumu amefika kwenye lifti iliyokufa.

Toleo la 3 la Protocol Buffers, lililokamilika mwaka 2016, lilichagua njia nyingine. Enamu iliachwa wazi: nambari isiyojulikana hukaa katika sehemu yake kama ilivyokuja, na mwenye programu anaweza kuiona, ijapokuwa hana jina la kuiita. Tena ilishurutishwa kwamba jina la kwanza la kila enamu liwe na 0, na desturi iliyoenea ni kulifanya jina hilo kuwa la jambo lisilotajwa, ili kunyamaza kusichukuliwe kuwa ni kusema. Mimi nauona mpango wa pili kuwa bora. Wapo wasemao kwamba orodha iliyofungwa humlinda mwenye programu asikutane na asichokitarajia, na hoja yao ina nguvu katika kazi za ndani ya nyumba moja, ambako mpelekaji na mpokeaji hutoka kompailani siku moja. Lakini kwa habari ziendazo kwa umma, kumficha mtu nambari kwa sababu sisi hatuna jina lake ni kuutanguliza ujinga wetu mbele ya haja yake.

Afrika Mashariki si ngeni katika mambo haya. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa MIT na Columbia walitoa kwa umma njia za matatu za Nairobi katika muundo wa GTFS, ule wa maandishi uliotangulia GTFS Realtime, na walilazimika kulegeza kanuni zilizotungwa kwa ajili ya mabasi yenye ratiba na vituo visivyobadilika, zikubali gari linaloondoka likijaa. Kazi ile ilionyesha kwamba orodha iliyoandikwa mbali yaweza kupanuka, endapo wenye mambo yao watakaa karibu nayo na kusema.

Kwa hiyo namsihi kijana wa Nairobi, wa Kampala au wa Dar es Salaam anayeandaa programu ya kusoma habari za mabasi: auulize msimbo orodha yake kila programu inapoanza, wala asiinakili; nambari asiyoijua aitafute hata katika sehemu zilizowekwa kando, na aionyeshe kama ilivyo, asiigeuze kuwa kimya; na akiona kwamba jambo linalowazuia watu wa mji wake kufika waendako halina jina katika zile sababu 12, aandike pendekezo la kulitia, kwa kuwa waraka wa GTFS Realtime uko wazi kwa kila mtu, na mabadiliko yake hujadiliwa na kupigiwa kura hadharani.